Dorkasi wa Ukutani

Kabla hajakukabidhi nguo yako, Nyasuguta alikuamuru uinue mkono. Hakujali kama una haraka au mtoto analia mgongoni. "Inua juu kabisa," alisema, "kama mtu anapiga kura." Ukiinua nusu, alikushika kiwiko akakisukuma kuelekea mabati ya kibanda chake. Kisha aliinama akatazama chini ya kwapa, mahali ambapo fundi mwingine wa soko la Rodi Kopany hatazami, akauvuta mshono kwa vidole viwili. Mshono ukilia hata kidogo, nguo ilirudi mezani. Aliamini kwamba nguo ya mwanamke haichakai kwa kukaa. Huchakaa kwa kuinua: kuinua ndoo, kuinua mtoto, kuinua gunia, kuinua mikono wakati wa maombi. Mafundi wengine, alisema, wanashona nguo za kupigwa picha.

Nimeanza na kwapa kwa sababu nina hasira, na hasira yangu imekaa hapo hapo.

Jina langu ni Scovia. Nauza omena, dagaa wa ziwani, kwenye kibanda kilichopakana na chake. Kati yetu kuna ukuta wa mbao wenye tundu la kupitishia kiberiti na umbea, na tumekaa hivyo miaka kumi na sita. Mimi ni Mjaluo, mtoto wa Rangwe niliyeolewa hapa. Yeye ni Mkisii. Alikuja na mumewe Ongeri, fundi wa baiskeli, na Ongeri alipofariki binti yao Dolphine alikuwa darasa la tatu. Nyasuguta alimzika mumewe kwao, akawasikiliza mashemeji wakigawana shamba mpaka akabakiziwa kipande cha upana wa mkeka, halafu akapanda basi kurudi huku, cherehani ikiwa imefungwa juu ya paa pamoja na kuku za watu. Hakulia mbele yao. Aliniambia alilia alipofika, akitafuta bisibisi ya kufungua cherehani.

Watu wa hapa walimpenda, sikatai. Lakini hata waliompenda walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na miaka ishirini na miwili haikutosha kumfanya binti wa hapa. Yeye hakunung'unika. "Huku sina shangazi, sina binamu, sina kaburi," aliniambia siku moja kupitia lile tundu. "Niko na kanisa." Alisema vile mtu mwingine anavyosema ana ng'ombe.

Kanisa letu ni dogo, la Wasabato, lina mabati ya buluu na mlango mmoja mpana. Akina mama tuna kikundi chetu, Dorkasi, kwa jina la yule mwanamke wa zamani aliyewashonea wajane nguo. Nyasuguta alikiongoza miaka kumi na mmoja. Sare yetu ni gauni la buluu lenye ukosi mweupe, na kwenye kila ukosi kuna majani matatu madogo yaliyotariziwa kwa mkono. Magauni yote aliyashona yeye. Majani yote ni ya sindano yake. Mwanamke akijiunga bila kitambaa, kitambaa kilipatikana, na sisi tuliosimama karibu tulijifanya hatujui kimetoka wapi.

Sasa niseme jambo la kazi yake, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Fundi hana mdomo. Hiyo ilikuwa sheria yake, na sijaona mtu aliyeishika sheria kama yeye. Fikiria anayoyajua fundi wa nguo. Anajua nani ana mimba kabla mume hajaambiwa. Anajua nani amepungua kiuno ghafla na anaficha ugonjwa. Anajua ni mwalimu gani mwenye suti moja iliyogeuzwa ndani nje mara mbili. Daftari lake la vipimo halikuwa na jina la mtu hata mmoja, alichora alama. Mimi nilikuwa samaki. Mke wa mwenye posho mill, kinu cha kusaga unga, alikuwa ufunguo. Ukimwendea na swali la kichokozi kuhusu mwili wa mwenzako, alichukua pini tatu mezani akaziweka kati ya midomo, na hapo mazungumzo yaliisha.

Mimi si fundi. Mimi nauza omena, na wauza omena tuna midomo. Kwa hivyo hii ya suruali nitaisema.

Ilikuwa Sabato asubuhi, miaka miwili iliyopita. Mzee wa kanisa letu, Elkana Okari, ndiye aliyekuwa ahubiri. Ni mtu mrefu, safi, mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, na watu hapa wanamwita jaduong', yaani mzee, kwa heshima. Nilikuwa nikipita na maua karibu na kichumba cha nyuma tunachowekea vikapu vya sadaka nikasikia naitwa kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Mlango ulifunguka kidogo, jicho likatokea.

"Mama Elvis. Niitie Mama Dolphine. Haraka. Na sindano."

Mama Elvis ni mimi, na Mama Dolphine ni Nyasuguta. Suruali ya kijivu ya jaduong' ilikuwa imepasuka alipokuwa akishuka kwenye pikipiki, kutoka kwenye mshipi mpaka mahali pasipotajwa. Nilimleta Nyasuguta. Sindano hakuhitaji kuitafuta. Kila siku ya maisha yake alikuwa na moja chini ya ukosi, imezungushiwa uzi, na hata siku ya Sabato ilikaa pale ikipumzika pamoja naye. Alisimama nje ya mlango.

"Mzee, leo ni Sabato," alisema.

"Ng'ombe akianguka shimoni leo, si tunamtoa?" Elkana alijibu kutoka ndani. "Kwani mimi si zaidi ya ng'ombe?"

Nilicheka ndani ya leso yangu, kisha leso yenyewe ikahitajika. Jaduong' alijifunga ile leso yangu ya maua makubwa ya waridi, akasimama kwenye kona akiutazama ukuta, na Nyasuguta akashona. Mimi nilishika mlango. Alishona mara mbili, kwenda na kurudi, akakata uzi kwa meno, akamwambia, "Chuchumaa." Jaduong' akachuchumaa. Mshono haukulia. Akatoka akahubiri saa nzima, nasi tukasema amina.

Siku ya tatu Nyasuguta aliniambia, "Nimeivunja Sabato, Mama Elvis. Nimemwambia Mungu nimeivunja. Lakini huyo mtu angesimama mbele ya watoto aje?" Hakuisema tena. Kwa watu wa nje hili ni jambo la kuchekesha. Kwetu sisi, jua la Ijumaa likizama, jembe linalala, jiko linalala, sindano inalala, na mtu hufundishwa hivyo tangu akiwa mgongoni.

Basi mwaka huu tukamaliza kujenga ukumbi mdogo wa akina mama nyuma ya kanisa. Tukataka picha ya Dorkasi ukutani. Elkana akaleta karatasi iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, ya enzi za baba yake: mwanamke wa kizungu ameketi dirishani, kichwa kimeinama, shingo nyeupe, nguo nyeupe, mkononi sindano. Tukamsifu. Nyasuguta akaikaribia ile karatasi kama anayekagua pindo.

"Huyu hajawahi kushona," alisema. "Ameshika sindano kama kijiko cha uji. Na uzi uko wapi?"

Kweli, uzi haukuwapo. Wanawake walicheka. Elkana hakucheka.

Kumbe Nyasuguta alikuwa na mengi kuhusu picha za namna hiyo. Dolphine, ambaye siku hizi anasoma chuo kule Migori mjini, alikuwa amemtumia kwenye simu rundo la picha za zamani za Ulaya, wanawake wakishona, kwa kuwa alifikiri mama yake atazifurahia. Tulizitazama pamoja nikichambua omena. Kulikuwa na mabibi wa hariri, wajakazi, mama na mtoto, bikizee mmoja mwenye kofia. Wote walikuwa dirishani. Wote walikuwa wameinamisha kichwa. Nyasuguta alizipitisha kwa kidole gumba mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Hakuna hata moja anaangalia mtu," alisema. "Utashonaje nguo ya mtu na humwangalii? Hawa walichorwa na wanaume wenye hawakuwa wanangojea kuvaa hiyo nguo."

Mchoraji wetu alikuwa Chrispine, kijana wa Homa Bay anayechora mabango ya maduka na kuta za shule za chekechea. Aliitazama karatasi ya kalenda akasema imefifia mno, anahitaji mtu halisi. Wanawake wote tukamgeukia Nyasuguta. Elkana akasema sawa, huku ameuma meno. Chrispine alikuja kibandani siku ya Jumatano. Alimwomba avae sare, ili mtu akitazama ajue huyu ni Dorkasi, si fundi yeyote tu. Nyasuguta aliivaa, akashika ukosi mweupe aliokuwa akiutarizi, akavaa kikofia chake cha chuma cha kukinga sindano kwenye kidole cha kati, na Chrispine akampiga picha kwa simu.

"Inamisha kichwa kidogo, mathe, kama ile ya kalenda," Chrispine alisema.

"Hapana. Nichore nikiangalia mtu."

Akamchora hivyo. Sijui kuhusu sanaa, lakini nilipoingia ukumbini nikaiona ile picha, mkono wangu ulitaka kuinuka wenyewe. Alikuwa vile vile alivyo anapokungoja uinue kiwiko. Sindano ilikuwa na uzi, na uzi ulikuwa umekaza. Dolphine alitumiwa picha hiyo akapiga simu akilia, na Nyasuguta akamwambia aache kumaliza bando.

Ijumaa mchana, Chrispine akaona nafasi nyuma ya bega la Nyasuguta imebaki tupu. Akaijaza. Akachora kanisa letu, mabati ya buluu, mlango wazi, na watu wakiingia wakiwa na vitabu vya nyimbo kwapani, watoto na soksi nyeupe. Chrispine ni mtu wa Jumapili. Baadaye aliniambia kanisa likichorwa limefungwa linafanana na stoo.

Kesho yake tulimiminika ukumbini baada ya ibada. Elkana alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Hii ni siku gani kwa picha?"

Hata mtoto angejibu kwamba ni Sabato. Mlango wazi, watu na nyimbo, soksi nyeupe, na sare. Mwanamke mwenye sare, kanisa likiingia watu nyuma yake, na sindano mkononi.

"Dada Nyasuguta, unashona Sabato?"

Nyasuguta alicheka. Alifikiri ni mzaha, na mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri hivyo. "Mzee, hiyo ni rangi."

"Ukuta unasema," Elkana alijibu.

Na watu wazima, wenye watoto wa kuoa, watu wanaojua bei ya mbolea na jina la kila chifu, walianza kuitazama ile rangi kana kwamba ni shahidi aliyeapishwa. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba kwa kweli taa ya kibanda cha Nyar Kisii huwaka Ijumaa mpaka jua linazama kabisa. Mwingine akasema moshi hauji bila moto. Moshi gani? Moto gani? Ilikuwa ni rangi ya mafuta na brashi.

Jumapili Chrispine aliitwa. Alikuja mbio, kofia mkononi. "Mzee, ni makosa yangu. Naweza funga huo mlango. Nitoe hao watu, iwe tu Jumatano. Ni kazi ya dakika kumi."

"Unataka kufuta ushahidi?" Elkana alimuuliza.

Hilo neno alilitamka, nami nilikuwa pale nikifagia sakafu ile ile mara ya tatu ili niendelee kusikia.

Nimejiuliza sana kwa nini alifanya hivyo, na nina jibu langu. Tangu siku ya suruali, Elkana hakuwahi kumtazama Nyasuguta usoni. Kila Sabato alisimama mbele, na Nyasuguta aliketi benchi la pili, kichwa juu, macho yakitembea kwenye mishono ya watu, maana hivyo ndivyo macho yake yalivyo. Jaduong' aliamini anaangaliwa suruali. Na ukweli ni kwamba wakati mwingine aliangaliwa. Fundi hutaka kujua kama kazi yake imeshika. Sasa mwanamke huyo amepandishwa ukutani, mkubwa kuliko mlango, kichwa juu, akimtazama siku zote saba. Mwanamume aliyewahi kujifunga leso ya waridi hakuweza kulivumilia jicho hilo. Nyani haoni kundule, lakini huyu alijua vizuri kwamba lake limeonekana.

Mkutano wa washiriki uliitishwa Jumapili iliyofuata. Mchungaji ana makanisa mengi ya kuzunguka na hakuwepo, Elkana akaongoza. Kilichokuwa mezani kilijulikana na kila mtu: Nyasuguta aondolewe Dorkasi na akae nje ya ushirika mwaka mmoja. Mwaka mmoja bila meza ya Bwana, bila kuimba na sisi, bila kuvaa sare, mtu ambaye hana shangazi wala binamu wala kaburi hapa. Wanawake wote tulikuja tumevaa sare. Ukumbi ulijaa buluu. Yeye alisimama mbele, chini ya picha yake mwenyewe.

Alianza vizuri. Alisema picha ilipigwa Jumatano, Chrispine ni shahidi, na kwamba mlango wa kanisa hakuuchora yeye. Watu walianza kutikisa vichwa kukubali. Hata mume wangu Obare, ambaye ni shemasi na hupenda kulala mikutanoni, alisema, "Basi yaishe." Mambo yalikuwa yakielekea kuisha. Kisha Terry, karani wetu, msichana mwenye moyo safi asiyejua lolote, akataka kumsaidia.

"Mama, sema tu hujawahi kushona Sabato hata siku moja," Terry alisema. "Niandike hivyo, tumalize."

Ukumbi ukamsubiri. Mimi nilimtazama Elkana. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi.

Nyasuguta hakuwa na pini za kuweka mdomoni. "Siwezi sema hivyo," alijibu. "Nimewahi kushona. Mara moja."

Minong'ono ilipanda mpaka kwenye mabati. Kutoka nyuma mtu aliuliza alimshonea nani.

"Mtu alikuwa na shida."

"Mtu gani?"

"Mteja," alisema Nyasuguta.

Alinitazama mimi wakati huo, kwa haraka, na akatikisa kichwa kidogo kunizuia. Halafu hakunitazama tena. Na Elkana Okari alikuwa ameketi mita mbili kutoka kwake, ndani ya suruali ile ile ya kijivu. Naapa ilikuwa ile ile. Alikuwa na nafasi. Angesema ni mimi, ng'ombe nilianguka shimoni, huyu mama akanitoa. Watu wangecheka, wangepiga makofi, tungeimba na kwenda nyumbani kupika. Alitoa kitambaa akajifuta paji la uso, akakikunja mara nne.

"Tumesikia kutoka kwa kinywa chake mwenyewe," alisema. "Wanaokubali, wainue mikono."

Mikono ikainuka. Mmoja mmoja kwanza, kisha kwa pamoja, wanawake kwa wanaume. Mke wa mwenye posho mill, aliyeshonewa gauni bure mwaka wa ukame. Mjane ambaye watoto wake watatu walienda shule na kaptula za Nyasuguta. Terry mwenyewe, akilia, lakini mkono uko juu. Buluu, buluu, buluu. Asante ya punda ni mateke, na siku ile niliyahesabu mateke kwa macho yangu. Nyasuguta alikuwa ameinua kichwa, anaitazama ile mikono, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Wanaopinga," alisema Elkana.

Hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia. Mara ya kwanza sikuinua mkono. Mara ya pili pia sikuinua. Mikono yangu miwili ilikuwa chini ya kitabu cha nyimbo, imeshikana. Nilijiambia Nyasuguta amenikataza, siri si yangu, fundi hana mdomo. Huo ni uongo. Mimi si fundi. Kupinga tu, bila kutaja suruali ya mtu, kungenigharimu nini? Niliogopa jicho la Elkana, nikamwogopa Obare na ushemasi wake, nikawaogopa wanunuzi wangu waliojaa mle ndani. Mwanamke aliyesema mengi kuliko wote sokoni Rodi alikaa kimya kama gunia.

Wiki iliyofuata Chrispine aliitwa abadilishe kichwa. Alipewa ile karatasi ya kalenda. Alikuja, hakumsalimia mtu, akafanya kazi siku moja, akaondoka. Sasa Dorkasi wetu ukutani ana uso mweupe uliofifia, na ameinamisha kichwa. Mikono imebaki ya Nyasuguta, myeusi, na kikofia cha chuma kwenye kidole cha kati. Chrispine alisema kazi aliyopewa ni kichwa. Na mlango wa kanisa, nyuma ya bega, bado uko wazi. Watu bado wanaingia na nyimbo kwapani. Watoto bado wana soksi nyeupe. Bado ni Sabato pale ukutani, na mwanamke bado anashona, na hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kuuliza hii ni siku gani. Elkana hupita mbele yake kila wiki akitembea vizuri, mgongo umenyooka. Ikiwa ni yule wa kalenda, ukuta hausemi kitu.

Nilikaa wiki tatu bila kuongea kupitia lile tundu. Nilikuwa nikisikia cherehani yake ikilia, nami napanga omena zangu kana kwamba kuna anayezikagua. Sabato zote tatu kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na watu waliompitia nyumbani walimkuta amekaa mlangoni, amevaa nguo nzuri isiyo sare, anasikiliza nyimbo kutoka mbali. Wiki ya nne, Jumanne, nilizunguka nikaingia kwake.

Alinikaribisha. Alinipa kigoda na chai, na kunikaribisha kwake kuliniuma kuliko kama angenimwagia hiyo chai. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini yalipofika mdomoni yaligeuka kuwa ugomvi, kama kawaida yangu.

"Kwa nini hukumtaja?" nilimuuliza. "Neno moja tu. Elkana. Ungekuwa bado Dorkasi saa hii."

"Mtu akinivulia nguo yake yenye imeraruka, ameniamini," alisema. "Nikimsema, kesho nani ataniletea aibu yake nishone?"

"Hata kama yeye amekurarua wewe?"

Aliendelea kupindua ukosi wa shati la shule, sindano inaingia na kutoka. Alikuwa ameinama kabisa, na kwa mara ya kwanza alifanana na wale wanawake wa kwenye simu ya Dolphine. Nilichukia kumwona hivyo. Ili ainue kichwa, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa.

"Siku ile walipoinua mikono, ulikuwa unaangalia nini? Uliangalia kila mtu."

"Makwapa," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa naangalia makwapa." Alikata uzi kwa meno, akaliweka shati chini. "Zote ziliinuka mpaka juu. Hakuna hata moja imefumuka."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Yeye aliinua kichwa, akanitazama kwa jicho lile lile lililokuwa ukutani kabla halijapakwa rangi nyeupe, jicho la mtu anayetaka kujua kazi yake imeshika wapi na imeshindwa wapi.

"Yako tu ndio sikuona, Mama Elvis," alisema. "Hukuinua ya kwanza, na hukuinua ya pili. Kuja hapa nione. Labda ni mimi nilikubana."